Ratiba Niliyokuchorea, Mama

Mama,

Hii ni wiki ya sita tangu tukuzike Mdandu. Sijalia bado. Watu wanasema nimejikaza, lakini sijajikaza, sihisi kitu tu. Naamka, nakunywa chai, naenda kiwandani kutunza kompyuta zao, narudi Mjimwema.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu ni nini hasa. Nikakuambia kompyuta kubwa ina prosesa nyingi ndani, ndio vibarua wake, na mfumo endeshi ndio mnyapara: unaamua kazi ipi iende kwa prosesa ipi, asiwepo wa kukaa bure wakati mwenzake amelemewa. Ukacheka. "Kumbe nimesomesha mnyapara."

Ulipopata kiharusi, wanao watatu tulikaa kikao, nikachora ratiba. Wiki moja kwa Dada Upendo Makambako, wiki moja kwangu, wiki moja kwa Edson Wanging'ombe; Baba akabaki nyumbani Mdandu. Asilemewe mtu. Hata mchungaji aliisifu.

Kuna jambo nilikuwa nalijua tangu chuoni, Mama. Prosesa ikishaanza kazi, huweka karibu yake vitu vyote vya kazi ile. Ukiihamishia kazi hiyo kwingine, vitu vinabaki kule, na prosesa mpya inaanza kuvitafuta upya. Kwa hiyo mfumo mzuri huirudisha kazi kwa prosesa iliyoizoea, na huihamisha pale tu mzigo unapozidi. Kugawa sawasawa hakutoshi. Kiwandani sijawahi kulikosea hilo.

Upendo alishajua vidonge unameza kwa uji. Kwangu tulikupa maji, ukatapika. Tulipokuja kujua, Jumapili ikawa imefika, tukakupakia kwenye gari na blanketi zako mbili. Ulisema mara moja tu, "Mwanangu, kila nikizoea nyumba mnanihamisha." Nikakujibu kwamba ni zamu, Mama. Nilikujibu hivyo.

Wiki ya mwisho ilikuwa yangu. Ulinyamaza siku mbili, nikafurahi, nikadhani umepata nafuu. Siku ya tatu nikampigia Upendo kumweleza ulivyotulia. Akasema, "Mama akinyamaza ndiyo anaumwa. Mpeleke hospitali sasa hivi." Nilikupeleka. Tulichelewa. Daktari alisema huenda hata mapema isingesaidia, nami nilimsikia, nikaitikia kwa kichwa.

Jana tulikuwa Mdandu. Edson akaniletea karatasi na kalamu, nichore ratiba nyingine, ya Baba, maana sasa amebaki peke yake kabisa, na macho yake unayajua, hayaoni vizuri. Nikaishika kalamu. Baba alikuwa jikoni anaota moto. Pembeni yake palikuwa na mfuko. Alikuwa ameshafunga nguo zake.

Nikamwambia Edson hapana. Nikaufungua ule mfuko, nikazirudisha nguo sandukuni moja moja, Baba ananiangalia.

Nisamehe, Mama. Pumzika. Nakuahidi hili moja: Baba hahami. Nitahamia mimi huko Mdandu, na habari ya kazi nitajua mbele ya safari.

Mwanao.