Nitamletea Arielle Mke Mwenza

Alhamisi, 3 Machi 2011
Theluji tena hapa Sundbyberg. Mguu umekataa ngazi. Sawa, kazi ipo humu ndani: mke wangu Arielle anacheza basketi chuoni Amerika. Mke wangu, ndiyo! Mjukuu wa kike ni mke wa babu, kwetu Butembo nani hajui? Waswidi wakisikia watapiga simu polisi. Wapige!

Vyuo kumi vya ligi yao vinafunga msimu. Ukipoteza mechi moja, unakunja jezi. Anayebaki wa mwisho anakwenda kombe la nchi nzima. Na Arielle yuko mwaka wa mwisho — kupoteza ni kumaliza kabisa.

Leo wameshinda. Lakini lanse-fran, ile mitupo ya kusimama peke yako bila mtu wa kukuzuia, kakosa nne. Nne! Nikamwambia kwenye Skype: mke wangu, unatupa kama anayemwaga maji ya vyombo. Akacheka kidogo. Kidogo mno.

Ijumaa, 4 Machi
Vita na binti yangu Kahindo, mama yake Arielle. Eti mtoto alilia baada ya maneno yangu. "Papa, unamvunja. Mwache, maombi yanatosha." Kompyuta kaifungia chumbani kwake. Miaka sabini na nane, nanyimwa kompyuta kama peremende!

Nikaenda kituoni kununua kadi ya simu. Mguu ukakubali ngazi — ajabu!

Arielle sauti iko chini. Anasema akifika kwenye mstari, mikono inakuwa ya mtu mwingine. Nilitafuta neno tamu. Halikuja. Nikasema: ukiendelea kukosa, naoa Gaudiosa wa Märsta. Mjane, meno yake yote yapo, sombe yake ya majani ya muhogo inaita majirani. Utapata mke mwenza.

Naye: "Huyo bibi mlango wangu hataugusa, mzee mbaya wewe!" Akakata.

Jumamosi, 5 Machi
Nimetazama chumbani kwa Kahindo, kompyuta kaishika yeye. Wameshinda kwa kikapu kimoja, si kwa Arielle. Kakosa mbili, kocha akamtoa. Amekaa benchi, taulo kichwani.

Kahindo: "Umeona, Papa?"

Nimeona.

Labda ana haki. Chai imepoa mbele yangu.

Hapana! Asiyetaniwa ni mgeni. Huko ugenini nani atamtania, mashine ya kahawa?

Jumapili, 6 Machi
Fainali saa moja jioni yetu. Ibada yetu inaanza saa kumi, Waswidi wakishatuachia kanisa, na mchungaji hajui saa. Wakati wa sadaka, watu wote wanacheza kwenda mbele, mimi nikacheza kwenda mlangoni. Mchungaji kaniona. Nikampungia!

Gaudiosa kanifuata na sufuria yake. Kwenye treni nikamweleza habari ya ndoa. "Nani kakuambia nakutaka? Na mguu huo!"

Naandika huku natazama. Kahindo ameirudisha kompyuta mezani.

Sekunde tisa. Wako nyuma kwa pointi moja. Arielle kaangushwa — mitupo miwili. Yeye mwenyewe!

Kahindo amefumba macho, anaomba. Arielle yuko mstarini. Kamera inamsogelea. Anaitazama. Anainua kidole, anakitikisa: hapana, hapana. Kidole kile kile, ananitikisia tangu ana miaka mitatu!

Gaudiosa: "Anamkataza nani?"

Wewe, mama!

Wa kwanza — ndani! Tuko sawa. Gaudiosa kamwaga sombe kwenye zulia, hakuna anayefuta.

Mwamuzi anamrudishia mpira. Kahindo kafumbua macho, kanishika mkono: "Papa, sema kitu! Kile kibaya!"

Hasikii, binti yangu, yuko Amerika. Nasema hata hivyo, kwa sauti ya kuamsha jengo zima: Gaudiosa, funga kitambaa, twende harusini!

Arielle anacheka. Wallahi anacheka. Anapiga mpira chini mara mbili, anauinua —