Namba Zote Ruksa

Bwenini, Moshi
13 Machi 1993

Mpendwa Violet,

Pokea salamu kutoka kwetu bwenini. Natumaini mafua yamekuacha, na mama hapo Kirua Vunjo hajambo. Mpe shikamoo yangu. Mimi ni mzima, wa mwili tu.

Shangazi yako Elinipendo amefika asubuhi hii kuchukua godoro lako. Anasema shule huitaki tena, umemwambia baba kwamba hesabu zimekushinda. Violet, hazijakushinda. Ndiyo maana naandika upesi, shangazi ananingoja getini.

Lile swali la kipeuo cha pili cha |x| − 3, mimi ndiye niliyekuambia kwamba vile vistari viwili vinageuza kila kitu kuwa chanya, basi kikoa, yaani namba zinazoruhusiwa kuingia, ni namba zote. Ukaniamini. Mwalimu Aristides alipokuambia pale ubaoni, haya mama, ingiza mbili, hiyo hasi moja utaichimbia kipeuo wapi, ulinitazama. Nikainama kutafuta kalamu ambayo haikuanguka. Darasa zima likakuita Ruksa, eti umefungulia mlango hata namba zisizotakiwa, kama biashara za siku hizi.

Disha, mwenzetu wa bwenini, alikuwa ameshanionyesha alfajiri ile kwamba vistari vinamfunika x peke yake. Tatu inatolewa baadaye, kwa hiyo zilizo kati ya hasi tatu na tatu hazifai. Nikafuta jibu langu, nikaandika jipya. Kwenye foleni ya uji ukaniita ticha wangu, nami nikaona haya kusema ticha kakosea.

Kuna jingine, baya zaidi. Unadhani jina la Ruksa alilianzisha Justina, jirani yangu wa dawati. Ni langu. Nilimnong'oneza ili acheke, asije akaniuliza kwa nini daftari langu limefutwafutwa.

Jana nilimwambia Mwalimu yote. Hakunichapa, alinipa chaki nikaeleza mbele ya darasa. Justina akauliza, sasa Ruksa ni nani? Nikasema ni mimi.

Godoro nimelikalia. Shangazi amecheka, amesema atalifuata Jumamosi ijayo. Nimekata jani la sale kwenye ua wa shule, nikalifunga fundo kama wazee wetu wanavyofanya wakiomba msamaha. Analo kwenye kanga yake. Najua kwetu jani hilo halikataliwi. Wewe likatae ukitaka, ila rudi.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi, wa kitanda cha juu yako,
Hilda