Mukawa wa Kule Alikolazwa Baba

Jumanne

Kama kuna wa kudaiwa, wafu wanidai mimi, si Ciarunji.

Mke wangu Ciarunji hajala tangu Jumapili. Daktari wa Manyatta alisema asipokula, dawa ni bure. Leo nikamuuliza roho yake inataka nini. Akasema mukawa! Mama mzima anataka matunda ya wachunga mbuzi.

Kiangazi hiki vichaka vyote vimekauka, isipokuwa kule walikolazwa maiti porini zamani, kabla watu hawajaanza kuzikwa. Huko ni mwiko kuokota hata kuni. Baba yangu alilazwa huko.

Nilienda. Matunda meusi, yamenona, miiba kama sindano za hospitali. Nikasema kwa sauti, "Baba, usininunie. Ni mkweo ameagiza."

Ndege wote wakanyamaza. Nikacheka, nikachuma upesi, nikaondoka.

Ciarunji alikula konzi nzima, akalamba vidole.

"Mzee, umeyatoa wapi?"

"Kwa baba mkwe wako."

"Wewe na mzaha wako!" Akacheka mpaka akakohoa.

Sasa anataka mengine kesho. Nitaenda. Ila sijui kama ni yeye anayenituma kule, au ni baba anayeniita.