Binti Yangu Aliniambia Amechoka Kuishi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na ukinikaripia nitapokea, nimestahili.

Mimi ni fundi cherehani na nina binti wa miaka kumi na tisa, kitinda mimba wangu, ambaye mwaka huu alifeli mtihani wa ualimu mara ya pili, na tangu hapo akawa anakuja dukani kunisaidia, hacheki, hali vizuri, simu za rafiki zake hapokei, nami nikajiambia ni mambo ya ujana, yatapita. Mchana mmoja, duka limejaa sare za shule, akaniambia, "Baba, mimi nimechoka kuishi." Sikuinua hata macho. Nikamjibu, "Sote tumechoka, maliza hizo kola." Akazimaliza zote, mshauri, akazikunja vizuri, akaenda nyumbani, na jioni ile dada yangu, aliyepita kumsalimia, ndiye aliyemkuta hajitambui akamkimbiza hospitali. Alitaka kujiua. Yuko hai, karudi wiki ya pili sasa, lakini mimi na mama yake tumewaambia majirani ni malaria, na dada yangu tumemwomba asije kwanza, watu wasije wakauliza. Daktari alisema tumrudishe kwa wataalamu wa ushauri, hatujaenda, tunaogopa kuonekana. Natamani kuzungumza naye, ila nahofia nikilitaja jambo lile nitamrudisha kulekule. Nifanyeje?

Fundi Mwenye Majuto

*

Fundi, pole sana. Wengi wetu tungejibu kama ulivyojibu. Lakini sasa unajua, kwa hiyo sitakubembeleza.

Hiyo malaria mnamtibia nani? Mnatibu aibu yenu. Na shangazi aliyemwokoa ndiye mliyemfungia mlango! Mwite leo.

Kumuuliza hakutamtia wazo kichwani. Wazo analo tayari, tena analibeba peke yake. Kaa naye, umuulize waziwazi: "Mwanangu, bado unawaza kufa?" Kisha nyamaza usikilize. Usimhubirie, usiutaje mtihani. Mwambie ulikosea kumjibu vile. Baba akimwomba mwanawe msamaha hapungukiwi na ubaba wake. Akisema bado anawaza, msimwache peke yake hata dakika moja, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo. Akisema hapana, kesho asubuhi funga duka mwende kwa hao wataalamu, mwingie kwa mlango wa mbele kama watu wengine. Dawa na kila anachoweza kujidhuru nacho kitoke humo ndani. Kuhusu majirani, yeye ndiye aseme waambiwe nini.

Mimi nilikuwa na mdogo wangu. Naye aliniambia, kwa maneno yake, nikamwambia aache kudeka. Ni miaka kumi na moja sasa, nina maswali mengi na sina wa kumuuliza.

Wako yuko chumba cha pili. Weka gazeti hili chini, fundi, kapige hodi.