Jina Nililopewa Siku ya Harusi

Alhamisi, 4 Desemba 2025
Lebona amerudi kutoka migodini Welkom. Amekuja na mtoto! Wa kike, miezi miwili, mama yake amefariki huko huko. Mume wangu kasema nimsamehe, basi. Miaka saba ya ndoa sijashika mimba, na yeye huko anazaa. Nimehamisha godoro langu jikoni.

Jumamosi, 6 Desemba
Mama mkwe ndiye anamwogesha na kumpa chupa. Mimi simgusi. Hata jina hana, wanamwita Kadogo. Kwetu bibi ndiye hutoa jina — na leo mama mkwe amenitazama vile, nikajua jina analotaka. Siku ya harusi alinipa jina la Mamosa, yaani mama wa Mosa, tukamngoja Mosa mwenyewe azaliwe. Hilo ni jina la mwanangu. Ng'o!

Jumatano, 10 Desemba
Mama mkwe kalisema leo tukichambua mboga: mtoto abatizwe Krismasi, aitwe Mosa. Nikamjibu amwite apendavyo, hata Jumatatu. Yeye akacheka, mimi nikalia. Hakunilazimisha. Amesema jina alishanipa mimi, kwa hiyo kulitoa au kubaki nalo ni juu yangu.

Alhamisi, 11 Desemba
Maombi ya akina mama. Kiongozi wetu, Mamokete, kasoma Mathayo. Maneno yale nayasikia tangu utotoni, leo mstari mmoja umenichoma: Yusufu ndiye aliyempa mtoto jina. Na mtoto hakumzaa yeye! Nimerudi nyumbani na hasira. Yusufu alitokewa na malaika — mimi nimetokewa na mama mkwe.

Jumatatu, 15 Desemba
Mama mkwe kaenda kliniki. Nimebaki na Kadogo. Nimembadilisha nepi tu. Mara moja.
Haya, mara tatu. Na nikamwimbia kidogo.

Alhamisi, 18 Desemba
Nimemuuliza Mamokete kama Mungu anaweza kuingia kwenye moyo wenye hasira hivi.
"Alilazwa horini, mwanangu," kasema. "Moyo wako mchafu kuliko hori?"
Sijamsamehe Lebona. Ila jioni nimemwambia chai iko mezani. Alishika kikombe kwa mikono miwili.

Jumapili, 21 Desemba
Kadogo kanichekea. Mimi! Nampenda, ee Mungu, nampenda. Lakini jina bado siwezi. Nikilitoa, ni kama nimekubali kwamba wa tumbo langu hatakuja tena. Nimechagua Lerato. Jina zuri tu. Mama mkwe kaitikia.

Alhamisi, 25 Desemba
Krismasi. Naandika hapa hapa kanisani. Mvua kubwa, mchungaji amekwama mtoni, watu wanaimba wakimngoja. Paa linavuja juu ya benchi letu. Nilikuwa nimempakata mtoto, tone likamwangukia usoni, likafuata la pili. Nikamwambia Lebona bila hata kugeuka:
"Lete blanketi, Mosa analowa!"
Limeshatoka. Mama mkwe kaacha kuimba. Lebona kasimama na blanketi mkononi, analia mbele za watu. Nimetoa daftari ili nisiwatazame. Nataka kusema nimekosea, nilitaka kusema Lerato. Mdomo hautaki.
Mchungaji kaingia, chepechepe. Anakuja moja kwa moja kwetu, anauliza mtoto anaitwa nani. Lebona ananitazama mimi. Mama mkwe ananigusa bega: weka kalamu, simama —