Baba na Ile "Ndiyo, Afande" Yake

Jumatano. Mvua ya alfajiri imeuacha mtaa wetu wa Bwaise na maji mpaka vizingitini, kama kawaida. Majirani wawili walimbeba kaka yangu Saidi, yeye na kiti chake cha magurudumu, mpaka kwenye lami. Walituambia leo tutashinda, na mimi mjinga niliamini.

Leo ilikuwa zamu ya Baba kutoa ushahidi.

Saidi alipigwa risasi ya mgongo na askari polisi, hapo hapo mbele ya meza yake ya kuuzia kava za simu. Tumeishtaki serikali, tunadai fidia. Wao wanasema alikuwa na vijana waliokuwa wakirusha mawe. Uongo mtupu! Alikuwa anafunga biashara, na Baba alikuwa kando yake amemshikia mfuko. Baba alimwona yule askari akilenga. Wengine walioona wanaogopa kusema, na siwalaumu. Kesi yote imebaki mikononi mwa mzee.

Na mzee mwenyewe alikuwa polisi. Alitoka kwao Arua akiwa kijana, akazeekea kambi ya polisi, na sisi tukazaliwa humo humo. Wakili wetu alifurahi aliposikia hivyo. Nani angemwita mzee kama huyo mwongo? Akamruhusu hata avae nishani yake kwenye koti.

Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Baba alikunjwa zamani, na mimi nilisahau.

Wakili wa serikali alipoinuka, mwanamume mrefu mwenye sauti ya kuamrisha, Baba alisimama wima. Visigino pamoja, mikono imenyooka ubavuni.

Aliulizwa kama kulikuwa na fujo barabarani siku ile.

"Ndiyo, afande."

Na mwanao alikuwa kati ya hao vijana?

"Ndiyo, afande."

Hakungoja hata mkalimani wa mahakama amalize. Kwamba giza lilikuwa limeingia na hakuona vizuri. Ndiyo, afande. Kwamba askari walikuwa wanajilinda. Ndiyo, afande. Jaji alikuwa anaandika tu. Nilitaka kupiga kelele, nikauma ncha ya hijabu yangu.

Wakili wetu alijaribu kurekebisha. Ni binti mdogo, ana sauti ya upole. Kwake Baba alilegea, akaanza kuzungukazunguka na maneno, kama alivyokuwa akiwajibu raia waliokuja kituoni kuulizia ndugu zao. Binti wa watu akakaa chini.

Nilimsukuma Saidi mpaka nje, kwenye kivuli cha ukuta.

"Mzee amenipiga risasi ya pili," akasema. Halafu akaniomba nisimwambie Baba neno.

Nina hasira na Baba. Nimeandika, basi. Nina hasira naye, na nikimtazama namwonea huruma. Maisha yake yote aliyemjibu mkubwa vingine alilala mahabusu, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mahakamani mambo ni tofauti. Hata sisi hatukumwambia. Tulimfundisha tarehe na majina ya barabara tu.

Jioni alivua nishani, akaifunga ndani ya leso. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyemaliza kazi.

"Yule afande mukubwa alifurahi?" akatuuliza kwa Kiswahili chake cha kambini. "Mimi nilijibu muzuri?"

Mimi nilijifanya nachochea makaa ya sigiri. Aliyemjibu ni Saidi.

"Muzuri sana, Baba."

Baba akaitika kwa kichwa, akaenda kuchukua udhu.

Kikao kijacho ni zamu ya Saidi mwenyewe. Kusimama wima mbele ya wakubwa, yeye hawezi tena hata akitaka. Je, watamsikia akiwa amekaa?