Mashine ya Kukaangia ya Mama

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, na mkono ule ulioungua umeshapona. Mimi sijambo, ila miguu inanung'unika. Kantini yetu inalisha wafanyakazi mia tatu, na wote wanashikwa na njaa dakika ile ile.

Mzigo ulioletwa pamoja na barua hii ni mashine ya kukaangia, ya umeme. Kaka amenipigia simu. Anasema ukiungua na mafuta mara nyingine hata kidogo, anakuhamishia kwake, na hataki mjadala. Anakuja mwisho wa Aprili kujionea mwenyewe. Najua kukutoa kwenye jiko lako ni kukutoa roho. Kwa hiyo lile karai lipumzike, utumie hii.

Mwanao, mziwanda

20 Machi

Mziwanda wangu,

Marahaba. Mimi mzima wa afya, mkono umebaki na alama tu. Pole na miguu, iloweke kwenye maji ya chumvi.

Mashine imefika, mwanangu, asante sana. Naitumia kila siku. Mafuta yake ni maajabu: wiki nzima sasa, bado yanang'aa kama yalivyotoka dukani. Hata jirani yangu fundi cherehani, alipoingia sebuleni tu, aliisifia. Mwambie kaka yako asijisumbue kuja.

Mama yako

27 Machi

Mama,

Shikamoo tena. Huku kwema, natumaini na wewe hujambo.

Nimeishi na mashine hizi miaka sita. Mafuta ya kukaangia kila siku, ikifika siku ya nne yana rangi ya chai. Yako yanang'aa. Halafu fundi cherehani ameionea sebuleni. Nani anakaanga viazi sebuleni?

Niambie ukweli. Sijakasirika, naogopa tu.

Mziwanda

5 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Afya yangu nzuri, aibu ndiyo inayonisumbua.

Iko sebuleni, juu ya meza ndogo, nimeifunika kile kitambaa nilichofuma cha maua ya waridi. Kitu kizuri namna ile nikipake mafuta? Wageni wote wanauliza nani kaniletea, nami nakutaja.

Ila hiyo si sababu yenyewe. Karai linanisemesha. Nikitia kiazi, nasikia kama mafuta yamefika au bado, hata nikiwa nimeyapa mgongo. Hii ina kifuniko, imenyamaza kama mtu aliyenuna. Siku niliyoiwasha, taa nyekundu ikawaka, nikajua inanionya. Nikachomoa waya nikatoka mpaka uani.

Na juzi karai limenirushia mafuta kwenye kifundo cha mkono. Kidogo tu. Navaa mikono mirefu. Usimwambie kaka yako, sitaki kwenda kukaa kwenye jiko la mkwe nikiomba chumvi.

Mama yako

12 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo, na pole sana. Nimecheka habari ya uani, halafu nimelia habari ya kifundo. Kosa ni langu. Nilituma mashine, sikutuma maelezo.

Kwanza toa kitambaa, maana kikishika moto hatutaongea tena habari ya kuhama. Ipeleke jikoni, mbali na sinki. Mafuta yafike kati ya zile alama mbili za ndani. Taa nyekundu haikuonyi, inasema bado inapasha moto. Ikizimika, ndipo utie viazi. Vikaushe vizuri kwanza, kwa sababu ni maji yanayoyafanya mafuta yaruke. Kikapu cha waya kijae nusu tu, na ukishushe polepole.

Kifuniko kiache wazi. Sisi kantini hatufuniki. Rudi hatua moja nyuma, usikilize. Utaisikia ikisema vile vile.

Ukimaliza, chomoa, iache mpaka ipoe kabisa, uyachuje mafuta kwa kitambaa safi. Yakianza kutoa povu au harufu, yabadilishe. Sehemu ya umeme usiitose majini hata siku moja.

Kaka simwambii. Lakini ukitaka ushauri wangu, mwambie wewe.

Mziwanda

2 Mei

Mziwanda wangu,

Marahaba mara mia. Mimi mzima, na leo nina furaha, nisikufiche.

Kaka yako alikuja na maboksi matupu manne kwenye gari. Aliyaacha sebuleni, akaja kusimama mlangoni mwa jiko kama askari. Nikakunja mkono wa nguo nikamwonyesha kifundo mwenyewe. Nikamwambia, "Jeraha hili ni la karai. Sasa kaa uangalie."

Taa ikazimika, nikashusha kikapu. Mafuta yakaanza kusema, mwanangu, sauti ile ile ya miaka yangu yote. Nikayapa mgongo nikaanza kukata vitunguu, na viazi nikavitoa vikiwa na rangi inayotakiwa. Hakuna hata tone lililonifikia.

Alikula sahani tatu. Ya kwanza kwa hasira, ya pili taratibu, ya tatu akaanza kunisimulia habari za watoto wake. Baadaye akaosha vyombo, kaka yako huyo huyo, akarudisha maboksi kwenye gari. Mlangoni akaniuliza kama anaweza kuiazima mashine wiki moja tu, mkewe aijaribu.

Nikamwambia, "Baba, kwenye jiko hili hakuna anayehama."

Mama yako